Leo Wangapi Wamepakua Vigae?

Pale chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mlinzi wa getini, wahadhiri, hata mkuu wa kitengo cha kompyuta, wote walimwita Bi Vifurushi, naye aliitika bila kinyongo kwa sababu jina lenyewe lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kufunga programu za hisabati. Usicheke. Ni kazi, tena inatoa jasho kuliko nyingi zenye vyeo virefu na viti vya kuzunguka.

Iko hivi. Mtu anaandika programu ya kukokotoa jambo lake. Kwenye kompyuta yake inakwenda vizuri, anaringa nayo. Akimpa mwenzake, haifunguki. Kwa nini? Kwa sababu inategemea programu nyingine, na hiyo nyingine inategemea ya tatu, tena ya toleo fulani tu, na hiyo ya tatu haipikiki chungu kimoja na kompyuta ya mwenzake. Mwenzake anahangaika asubuhi nzima, anatukana kimoyomoyo, anaachana nayo. Hapo ndipo Bi Vifurushi alipoingia. Alikusanya kila kinachohitajika, akakioanisha, akakifunga pamoja, ili mtu popote alipo aandike mstari mmoja tu, abonyeze, akanywe chai, na akirudi akute programu iko tayari. Akiifanya kazi hiyo sawasawa, hakuna anayejua kwamba imefanyika. Nani amewahi kuandika barua kushukuru kwa sababu mlango wake umefunguka? Ukigoma kufunguka, hapo utasikia kelele. Bi Vifurushi alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Alifunga programu nyingi, za watu aliowajua na asiowajua. Lakini iliyokuwa mboni ya jicho lake ilikuwa moja, nayo iliitwa Vigae. Aliyeiandika alikuwa baba yake.

Baba huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, na mpaka alipostaafu hata mkewe alimwita Mwalimu. Vigae ilizaliwa bafuni. Fundi alikuja kuweka vigae vya sakafu, na Mwalimu, badala ya kusimamia kazi kama wenye nyumba wengine, alikaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa akamuuliza: je, sakafu hii inaweza kufunikwa kwa vigae hivi kwa njia ngapi, bila kukata hata kimoja? Fundi alidhani mzee anatafuta sababu ya kumpunja.

"Mzee wangu, njia ni moja. Unaanzia kwenye kona."

"Ni nyingi sana, fundi. Shida ni kuzihesabu."

Fundi alimaliza akaondoka. Mwalimu hakumaliza. Alijifunza kuandika programu akiwa na mvi tayari, akakaa miaka akiijenga kidogo kidogo. Unaipa umbo la sakafu, lolote lile, na maumbo ya vigae ulivyonavyo. Inakuambia njia ziko ngapi, na inakuchorea ile unayoitaka. Mkewe alikuwa akiwaambia wageni, "Mwenzenu anajua njia zote za kuweka vigae duniani. Kile cha nyuma ya mlango wa bafu kimebanduka, na mpaka leo kinamsubiri." Wageni walicheka, na Mwalimu alicheka kuliko wao. Kigae hakukigusa.

Programu ile aliitoa bure. Msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiendesha, aliuweka wazi, atakaye aufungue, ausome, aurekebishe, ampe mwenzake. Binti yake alipoifunga mara ya kwanza, alishauri waweke kipengele kidogo ndani yake ambacho kingewapa taarifa kila mtu anapoitumia. Mwalimu alivua miwani.

"Mwanangu, mtu akila kwangu akashiba akaenda zake, nimfuate hadi kwake nikamchungulie dirishani?"

"Sasa utajuaje kama wapo wanaoitumia, Baba?"

"Si kuna kaunta pale kwenye seva yenu? Inatosha."

Basi ikabaki kaunta. Kila Vigae ilipopakuliwa kutoka kwenye seva ya chuo, namba ilipanda. Mwanzoni Mwalimu aliiulizia kama mtu anavyoulizia hali ya hewa. Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua, miguu ikawa inavimba, akalazwa, akaruhusiwa, na tangu hapo akawa mtu wa chumba cha nyuma: kitanda, dirisha, meza na kompyuta. Wanafunzi wake wa zamani waliokuwa wakija kumjulia hali wakapungua, kila mtu na shughuli zake. Kaunta ndiyo iliyobaki kuwa mgeni wake wa kila siku.

Jioni akirudi kutoka kazini, Bi Vifurushi alikuwa hajavua hata viatu, sauti inatoka chumbani: "Leo wangapi?"

Anamtajia. Mwalimu anafumba macho, anatabasamu, anaanza kuwapa watu wale sura. Mmoja wao lazima ni mwalimu, alisema, haiwezekani akosekane mwalimu. Yuko binti fulani chuoni, amekwama kwenye tasnifu yake. Yuko mfumaji, kwa sababu mfumaji na mweka vigae shida yao ni moja. Aliwapenda watu hao kama jamaa walio safarini. Kwa ajili yao alikataa kulala mchana, alimtuma binti yake arekebishe hiki, aharakishe kile, "maana watu wanasubiri." Mama alisema namba ile inamtibu kuliko vidonge, na hakuwa anatia chumvi.

Ndivyo walivyoishi, mpaka mkuu wa kitengo alipomwita Bi Vifurushi ofisini. Hakuwa mtu mbaya, tuseme tu alikuwa mtu wa kubanwa na waliomzidi cheo.

"Seva zimejaa, Bi Vifurushi. Kila mradi ulete ushahidi kwamba unatumika. Usio na watumiaji tutauzima."

"Vifurushi vyangu vyote?"

"Vyote. Hata vile unavyovipenda."

Alitoka pale anacheka moyoni. Kwa Vigae hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kaunta yake ilizizidi programu za maprofesa. Akaamua asiishie kwenye namba tupu. Angetengeneza ramani ya dunia na kutia nukta kila mahali Vigae inapopakuliwa, nakala moja aipeleke kwa mkuu, nyingine aibandike ukutani mwa chumba cha baba yake, mkabala na kitanda. Alishawaza hata rangi ya nukta.

Ili kuchora ramani ilibidi atazame jambo ambalo hakuwahi kulitazama: si wangapi waliopakua, bali wanapakua kutoka wapi. Akaipa kompyuta kazi, ikachora. Karibu nukta zote zikarundikana mahali pamoja. Alidhani amekosea, akarudia. Zikarundikana pale pale. Akaisoma anwani ya mtandao ya mpakuaji huyo mkubwa, na mara akaitambua. Ilikuwa anwani ya kompyuta iliyokuwa chini ya meza yake mwenyewe. Siku zote aliitegemezea mguu, akipenda lile joto lake.

Ilikuwa kompyuta ya majaribio. Kila saa ilifuta kila kitu, ikajifanya mgeni asiye na chochote, ikaipakua Vigae upya kutoka kwenye seva, ikaisakinisha, ikajaribu kama inahesabu sawasawa, kisha ikafuta tena. Kila mfungaji makini anayo moja. Yeye ndiye aliyeiweka, na alijivunia sana siku ile. Wala hakuwahi kukumbuka kuiambia kaunta kwamba huyu si mgeni, ni wa nyumbani. Alipoziondoa hesabu za kompyuta ile, zikabaki chache mno, na karibu zote zilikuwa za mashine za kutafutia zinazozurura mtandaoni zikigonga kila mlango. Watu hawakuonekana.

Alikaa akiitazama ramani ile mpaka chai yake ikapoa. Angeweza kunyamaza. Mkuu angeisoma namba, angetikisa kichwa, angepita. Na nyumbani mzee angeendelea kuuliza, naye angeendelea kujibu, na nani angeumia? Lakini alikuwa mtoto wa Mwalimu. Utotoni alikaa kwenye darasa la baba yake, na siku moja akanakili majibu ya jirani yake. Mwalimu alimpa sifuri mbele ya wote. Jioni ile ile alimpakulia chakula kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia polepole, "Kwenye hesabu, mwanangu, hatudanganyani." Neno hilo lilikuwa lao wawili, na hakuwahi kulivunja.

Akairekebisha kaunta. Akamwandikia mkuu ukweli. Kisha akaenda nyumbani.

"Leo wangapi?"

Siku hiyo alivua viatu taratibu, akavipanga vizuri ukutani, akaingia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Leo hakuna, Baba."

"Mtandao umekatika?"

"Haujakatika."

Akamweleza. Mwalimu alimsikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi aliye ubaoni, bila kumkatiza, bila kumsaidia.

"Zote zilikuwa za kompyuta yako?"

"Karibu zote. Zilizobaki ni mashine tu. Si watu."

"Na za mwaka jana? Na za kabla yake?"

"Tangu nilipoiweka, Baba."

Mwalimu akaitazama kompyuta iliyo mezani. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Kumbe mteja wangu ni wewe."

"Baba, hiyo haina maana kwamba kazi yako…"

"Umefanya vizuri kuniambia." Akampapasa mkono. "Kwenye hesabu hatudanganyani."

Akageukia ukutani. Baadaye alimwomba mkewe aifunike kompyuta kwa kitambaa, ati inakusanya vumbi. Kesho yake Bi Vifurushi alirudi kutoka kazini akasimama ukumbini, viatu miguuni, akisubiri. Sauti ikatoka chumbani ikiuliza kama huko nje kuna joto. Lile swali jingine hakulisikia tena.

Tangu hapo Mwalimu alilala mchana, kama walivyokuwa wakimsihi siku zote. Hakuagiza kirekebishwe kitu chochote. Alikula alicholetewa, akashukuru, akarudisha sahani na chakula nusu. Haukupita muda mrefu akafariki, asubuhi, Mama akiwa anamfungulia dirisha. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, na alisema kweli. Bi Vifurushi alimwitikia, akamshukuru, lakini ndani yake hakuafiki. Alijua siku ambayo moyo ule ulichoka, na alijua nani aliyeuchosha.

Mkuu wa kitengo alifika msibani, akakaa, akatoa pole ya kweli. Baadaye, kwa adabu zote, akaleta orodha ya programu za kuzimwa. Vigae ilikuwamo. Bi Vifurushi hakubisha. Aliiondoa kwenye seva kwa mkono wake mwenyewe, kisha akainama chini ya meza akaichomoa ile kompyuta ya majaribio. Miguu yake ikakaa baridi, naye akaona ndiyo haki yake.

Miezi ikapita. Siku moja ya mapumziko, adhuhuri, Mama alitaka picha ya Mwalimu ya kutia kwenye fremu.

"Ile aliyocheka," alisema. "Iko humo kwenye mtambo wake. Nitolee."

Bi Vifurushi aliingia chumba cha nyuma kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akaondoa kitambaa, akakikunja, akawasha. Kompyuta ilijivuta, ikakohoa, na kabla hajaitafuta picha, kisanduku cha baruapepe cha Mwalimu kikafunguka chenyewe, kama alivyokuwa amekitegesha. Kilikuwa kimefurika. Alidhani ni rambirambi zilizochelewa. Akasoma ya juu.

"Vigae imekwenda wapi?"

Akasoma iliyofuata. Ilitoka kwa mwalimu wa shule, aliyeandika kwamba kila mwaka huwafundisha watoto kuhesabu kwa Vigae, na sasa amefungua darasa akakuta haimo, afanyeje? Mwingine alichunguza fuwele na namna chembe zake zinavyojipanga, na kazi yake imesimama. Mwingine alikuwa anafuma mikeka na vikapu vya kuuza, akitafutia nakshi zake humo. Binti mmoja alikuwa katikati ya tasnifu na aliandika kwa hofu, bila hata salamu. Bwana mmoja aliuliza bei ya boksi moja na kama wanaleta mpaka nyumbani, na Bi Vifurushi akajikuta amecheka kwa sauti, peke yake, machozi yakimtiririka.

Hakuelewa. Anwani waliikuta ndani ya Vigae, chini ya neno Msaada, lakini wao wenyewe walitoka wapi? Wameipataje Vigae, wakati kaunta haikuwahi kuwaona? Alizisoma barua zile mpaka akafika kwa mmoja aliyeeleza kwa kirefu. Kuna furushi moja kubwa la hisabati, linalotengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali. Ndani yake mna mamia ya programu, na mtu akilisakinisha anazipata zote kwa pamoja. "Kwa miaka mingi Vigae imekuwa humo," yule mtu aliandika. "Katika toleo jipya haimo. Wameandika kwamba walipokwenda kuichukua mahali pake, hawakuikuta."

Hapo akakumbuka. Ni yeye. Miaka ile ya mwanzo aliwapelekea wale watu wa kujitolea maelezo ya namna ya kuifunga Vigae ndani ya furushi lao. Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Wakamjibu, "Tutaangalia." Wiki hiyo hiyo baba yake akalazwa kwa mara ya kwanza, na jambo lile likamtoka kichwani, halikurudi. Nao wakaangalia, wakaipenda, wakaiweka, wala hawakumwandikia, maana nani huandika? Kwa kila toleo walikuja kwenye seva ya chuo mara moja tu, wakachukua nakala moja, wakaisambaza kutoka kwenye maghala yao. Nakala hiyo moja ndiyo iliyoifikia shule ya yule mwalimu, maabara, nyumba ya mfumaji. Kwenye kaunta ya chuo umati huo wote ulikuwa mtu mmoja aliyepita mara moja, katikati ya maelfu ya safari za ile kompyuta ya chini ya meza.

Angeulizia tu. Siku ile ya ramani, badala ya kukimbilia nyumbani na ukweli wake, angefungua ukurasa wa lile furushi akaandika neno moja, Vigae, angeiona. Kila mtu angeweza kusamehewa kwa kutojua, yeye hapana. Yeye ndiye aliyejua kwamba kifurushi kilichofungwa vizuri hakileti barua. Aliifunga Vigae vizuri mno, ikakaa miaka bila kumgomea mtu, watu wakakaa kimya, naye akaupeleka ukimya huo kitandani kwa baba yake akamwambia hakuna mtu.

Mama alitokea mlangoni. "Picha umeipata? Mbona unalia?" Akaona skrini imejaa maandishi. "Ni rambirambi?"

"Hapana, Mama. Ni watu wa Vigae."

Mama aliingia, akaketi kwenye kitanda kisicho na shuka, akakipakata kile kitambaa.

"Nisomee."

Akamsomea. Ya mwalimu, ya mfumaji, ya binti. Mama alisikiliza huku akinyoosha kitambaa kwa kiganja, akakinyoosha tena pale pale.

"Wangapi?" akauliza.

"Sijui. Wengi. Siwezi hata kuwahesabu, Mama."

"Walikuwa wapi siku zote?"

"Walikuwepo. Miaka yote ile, walikuwepo."

Mama akatazama ukuta, upande ule aliokuwa akigeukia Mwalimu.

"Na wewe ukamwambia hakuna."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kuelewa jambo. Kisha akanyanyuka, akamshika binti yake bega, akatoka akiwa amesahau picha.

Jumatatu yake aliirudisha Vigae, akaiweka mahali pengine, bure kama zamani, msimbo wazi kama zamani. Aliijaribu ikahesabu sawasawa. Wale wa furushi kubwa wakaichukua. Kaunta hakuiweka.

Lakini hiyo ilikuwa Jumatatu. Siku ile, chumbani, alirudi kwenye barua ya yule mwalimu wa shule. Mwishoni mwake kulikuwa na mstari ambao hakuwa amethubutu kumsomea Mama: "Tafadhali, ukimwona aliyeiandika, mwambie darasa zima linamsalimu." Akafuta macho, akasogeza kiti cha baba yake karibu na meza, akaanza kuandika.

"Nasikitika kukujulisha kwamba aliyeiandika amefariki. Alikuwa akiwaulizia kila siku."